Maziwa ukiwa mjamzito: glasi ngapi, ya namna gani, na kwa nini usiyanywe pamoja na vidonge vya damu

Ukishika mimba tu kila mtu anageuka mtaalamu wa maziwa. Mama mkwe anasema kunywa mengi mtoto atoke na mifupa migumu, shosti anasema achana nayo yanajaza gesi, kuna mwingine kasikia yanamfanya mtoto awe mkubwa mpaka unaishia kupasuliwa, afu ukienda kliniki nesi anakwambia "kula mlo kamili mama", foleni nyuma yako ndefu, unanyanyuka na maswali yako yote kama ulivyokuja nayo.

Mi naona shida ni kwamba tunabishana sana kuhusu idadi ya glasi, moja au tatu au lita nzima, wakati kuna vitu viwili vinavyobadilisha mambo kuliko hiyo idadi: kama maziwa yamechemka au hayajachemka, na kama unayanywa muda mmoja na vidonge vya kuongeza damu au umevitenganisha. Mengine yote, yenye mafuta au yaliyotolewa mafuta, ya pakiti au ya unga, ya moto au ya baridi, hayo unarekebisha kulingana na tumbo lako na mfuko wako.

Tuanze na kilichomo ndani. Glasi ya mililita 250 kama asilimia 87 yake ni maji tu. Kwenye kinachobaki kuna protini gramu 8 hivi, kalsiamu kama miligramu 300, sukari yake ya asili inayoitwa laktosi gramu 12, na mafuta gramu 8 kama hayajapunguzwa. Kuna vitamini B12 inayokaribia nusu ya mahitaji ya mjamzito kwa siku, na hii ni kubwa hasa kwa mtu asiyekula nyama, mana kwenye majani na nafaka B12 haipo. Kuna fosforasi, kuna vitamini B2. Vitamini D kwa asili ni kidogo sana, ila nchi zingine viwandani wanaongeza, kwahiyo soma pakiti. Na madini chuma? Karibu hamna. Hiyo ya mwisho ishike, tutairudia.

Ya mafuta kidogo usiyaogope kwamba hayana nguvu, kinachotolewa ni mafuta na vitamini A inayokaa kwenye mafuta, kalsiamu na protini vinabaki pale pale. Kama unahangaika kuongeza uzito kunywa yenye mafuta, kama uzito unapanda kwa kasi kunywa yaliyopunguzwa, basi.

Kuna kitu kingine kwenye maziwa ambacho hakisemwi sana, madini joto, yaani iodini. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku kwa mujibu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wakati mtu mzima wa kawaida ni 150. Sababu ni kwamba wiki za mwanzo mtoto hana uwezo wa kujitengenezea homoni za tezi ya shingo, anatumia za mama, na hizo homoni ndo zinazoongoza ubongo ujijenge. Uingereza kulikuwa na utafiti uliotoka mwaka 2013, walipima mkojo wa wajawazito kama elfu moja, wakafuatilia watoto wao, wakakuta wale ambao mama zao walikuwa na iodini pungufu mwanzoni mwa mimba walikuwa kwenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa nyuma kwenye kusoma na kwenye vipimo vya akili vya maneno walipofika miaka 8 na 9. Kule maziwa ndo chanzo kikubwa cha iodini, mana chumvi yao nyingi haijawekewa. Kama chumvi ya nyumbani kwako imeandikwa ina madini joto, umeshapata sehemu kubwa, maziwa yanaongezea tu. Na kiasi kilichomo kwenye maziwa kinategemea ng'ombe kalishwa nini, kwahiyo usikatae chumvi yenye iodini kwa kisingizio cha maziwa.

Haya, kalsiamu sasa, ndo sababu kila mtu anakulazimisha unywe.

Mtoto mpaka anazaliwa mwili wake umekusanya kalsiamu gramu 25 mpaka 30 hivi, na sehemu kubwa inaingia miezi mitatu ya mwisho, kipindi ambacho kondo la nyuma linampelekea kama miligramu 300 kwa siku. Ukisikia hivo unaweza kudhani basi mama aongeze miligramu 300 juu ya anachokula siku zote. Kumbe mwili ushajipanga mapema. Tangu miezi ya mwanzo, kabla mtoto hajaanza kudai chochote cha maana, vitamini D ile inayofanya kazi inapanda kwenye damu ya mama na utumbo unaanza kunyonya kalsiamu karibu mara mbili ya ulivyokuwa unanyonya kabla ya mimba. Glasi ni ile ile, ila unachovuna ndani yake ni karibu mara mbili. Ndo mana mtu asiye na mimba na mwenye mimba wanaweza kupewa kiwango kile kile na isiwe makosa.

Na hapa ndo namba zinapowachanganya watu. Ukisoma ushauri wa Uingereza unakuta miligramu 700 kwa siku, mjamzito na asiye mjamzito sawa. Ukisoma wa Marekani unakuta 1,000 kwa mwanamke wa miaka 19 mpaka 50, mjamzito na asiye mjamzito sawa, ila binti wa miaka 14 mpaka 18 anapewa 1,300 kwa sababu yeye mwenyewe bado mifupa yake inakua na mtoto aliye tumboni anachukua humo humo. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na WHO waliwahi kuweka 1,200 kwa miezi mitatu ya mwisho. Afu unafungua ukurasa mwingine unakutana na WHO hao hao wanaongelea gramu 1.5 mpaka 2, yaani miligramu 1,500 mpaka 2,000. Mtu anasoma hizo nne anaamua kwamba wote hawajui wanachosema.

Ukweli ni kwamba zile tatu za mwanzo zinajibu swali moja, mtu ale kiasi gani mifupa isidhoofike, na zinatofautiana kwa sababu kila kamati imeweka akiba yake tofauti juu ya kiwango cha chini. Ile ya nne inajibu swali lingine kabisa. Hiyo ni dozi ya vidonge, inatolewa kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, na lengo lake sio mifupa, ni kupunguza kifafa cha mimba, ule ugonjwa wa presha kupanda baada ya wiki ya 20 na protini kutoka kwenye mkojo. Kwa watu wanaokula kalsiamu kidogo vidonge vinapunguza hatari hiyo kweli, ushahidi upo wa miaka mingi. Tena mwaka 2024 yalitoka majibu ya tafiti mbili kubwa zilizofanyika India na Tanzania, wanawake 11,000 kila nchi, walilinganisha miligramu 500 na 1,500, na kwenye kuzuia kifafa cha mimba dozi ndogo haikuwa mbaya kuliko kubwa. Ni habari njema mana kumeza vidonge vitatu vikubwa vya kalsiamu kila siku ukiwa na kichefuchefu ni adhabu.

Kwahiyo mtu akikwambia "WHO wanataka gramu 2" usikimbilie kunywa glasi saba za maziwa. Hilo ni suala la vidonge na la kuongea na anayekuhudumia kliniki, na kama presha iko juu au umeanza kuvimba uso, kuumwa kichwa kisichoisha, kuona maruweruwe, maziwa hayatibu hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mifupa na chakula cha kila siku, glasi mbili zinakupa kama miligramu 600, zinazobaki zinatoka kwenye chakula kingine. Marekani wanashauri vikombe 3 kwa siku vya maziwa au vitu vya maziwa kama mtindi na jibini. Mimi naona mbili zinatosha kwa wengi ambao wanakula na vitu vingine, tatu sio mbaya, ukivuka nne sioni faida, mana mwezi wa saba kwenda juu tumbo lenyewe limebanwa na mtoto, ukilijaza maziwa nafasi ya nyama, maharage na mboga inatoka wapi? Na usizinywe zote kwa mkupuo, utumbo unanyonya vizuri zaidi kalsiamu ikija kidogo kidogo, isizidi miligramu 500 kwa mara moja.

Ile ya kwamba mtoto anamnyang'anya mama kalsiamu ya meno hadi yanang'oka, hapana. Kwenye mifupa anaweza kuchukua, na wakati wa kunyonyesha mama anapoteza zaidi, kwa kawaida inarudi yenyewe miezi kadhaa baada ya kuachisha. Jino ni tofauti, kalsiamu ya jino haiazimwi. Meno ya wajawazito yanaharibika kwa sababu ya tindikali ya matapishi, fizi zinazovimba na kutoa damu kwa homoni, na kula kula vitu vitamu mara nyingi. Ukitapika suuza mdomo na maji kwanza, mswaki subiri kama nusu saa, mana jino likiwa limelainishwa na tindikali ukilisugua hapo hapo unalikwangua.

Sasa vidonge vya damu. Hapa naomba usome taratibu.

Damu ya mjamzito inaongezeka ujazo karibu nusu ya ilivyokuwa, na mtoto naye anaweka akiba yake ya chuma, ndo mana WHO wanashauri miligramu 30 mpaka 60 za madini chuma kila siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Shida ni kwamba kalsiamu na chuma wakikutana kwenye utumbo muda mmoja kalsiamu inazuia chuma kunyonywa, iwe chuma ya nyama au ya mimea au ya kidonge. Nasi tunafanyaje? Asubuhi mtu anatapika tumbo likiwa tupu, anaambiwa vidonge vinachefua bila kitu tumboni, anachukua glasi ya maziwa anashushia kidonge cha damu, anajiona kafanya mawili kwa mpigo. Miezi inapita anapimwa damu iko chini, anaulizwa "unakunywa dawa?", anasema kila siku sijaruka hata moja, na hasemi uongo.

Mfano wa siku inavyoweza kwenda. Asubuhi na kifungua kinywa kunywa glasi yako ya maziwa. Saa nne au saa tano hivi, katikati ya milo, kidonge cha damu na maji, au na juisi ya chungwa, ndimu, pera, chochote chenye vitamini C mana hiyo inasaidia chuma kuingia. Mchana kula chakula chako. Glasi ya pili au mtindi unaweka jioni. Wengine wanaona rahisi kumeza kidonge usiku wakienda kulala, nayo ni sawa, tena kichefuchefu unakilala, ila maziwa ya usiku yale ya kuleta usingizi itabidi uyasogeze mapema. Acha masaa mawili angalau katikati, na kama unatumia vidonge vya kalsiamu vyenyewe hao watenganishe masaa mengi zaidi, kimoja asubuhi kingine usiku. Kidonge kikikuchefua bila kitu, kula kipande cha mkate au tunda, sio maziwa.

Kinachosahaulika ni kwamba mtindi ni maziwa, jibini ni maziwa, na zile dawa za kutafuna za kiungulia nyingi ni kalsiamu tupu. Chai na kahawa zenyewe zinazuia chuma hata bila maziwa, kwahiyo chai ya maziwa na kidonge cha damu ni kosa mara mbili, na kikombe hicho mara nyingi maziwa yenyewe ni ya kubadilisha rangi tu, usikihesabu kama glasi. Na kama unatumia dawa za tezi, levothairoksini, nazo hazipatani na kalsiamu wala na chuma, ziachie masaa manne.

Ila mtu asitoke hapa akaacha maziwa kwa kuogopa kuishiwa damu. Kwa muda mrefu, kwa mtu anayekula vizuri, maziwa ya kawaida kwenye chakula hayaonekani kushusha akiba ya chuma kwa kiasi cha kutisha. Kinachopotea ni kidonge kilichonywewa nayo. Tenganisha, endelea.

Tumbo. Watu wazima karibu theluthi mbili duniani kimeng'enya cha laktesi kinachovunja sukari ya maziwa kinapungua baada ya utoto, kwahiyo ukinywa na ukajaa gesi, tumbo likanguruma, ukaharisha, hauna ugonjwa, wewe ni wa kundi kubwa. Mimba inaongeza ya kwake kwa sababu homoni ya projesteroni inalegeza misuli na utumbo unaenda taratibu, ingawa kuna wanaosema maziwa yaliyokuwa yanawasumbua yamekuwa na nafuu mimba ilipokua, labda kwa sababu hiyo hiyo ya utumbo kwenda polepole. Jaribu nusu glasi pamoja na chakula badala ya glasi nzima tumbo likiwa tupu, wengi hiyo inapita. Mtindi ni mwepesi zaidi kwa sababu bakteria wake wameshaila sehemu ya laktosi na wanaendelea kusaidia humo ndani, jibini gumu laktosi yake karibu imeisha yote. Maziwa yaliyotolewa laktosi yapo, kalsiamu ni ile ile, yanakuwa matamu kidogo kwa sababu laktosi imeshavunjwa vipande viwili na vipande hivyo ulimi unavionja kama sukari zaidi.

Mzio wa maziwa ni habari nyingine, huo ni wa protini, unatokea vipele, midomo inavimba, kifua kinabana, huo hauna nusu glasi, unaacha kabisa. Lakini kuacha maziwa kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa na mzio, wakati wewe mwenyewe huna, haishauriwi, hakuna ushahidi kwamba inamkinga.

Kiungulia: maziwa ya baridi yanatuliza kweli, ila ni kwa dakika tu, afu mafuta na protini vinaamsha tumbo litoe tindikali zaidi na unarudi pale pale. Sio vibaya kunywa kidogo. Kinachotisha ni yule anayetafuna vidonge vya kiungulia siku nzima na kushushia maziwa kila mara, kalsiamu ya damu inaweza kupanda mpaka figo ziumie. Hii ilionekana zamani kweli, mwaka 1915 daktari mmoja Mmarekani, Sippy, alieneza matibabu ya vidonda vya tumbo kwa kunywesha watu maziwa na krimu kila saa pamoja na unga wa kupunguza tindikali, na baadhi ya wagonjwa wakaishia kuumwa figo. Glasi tatu za maziwa peke yake hazikufikishi huko.

Kama miezi ya mwanzo harufu ya maziwa tu inakukimbiza, usijilazimishe. Ya baridi yana harufu ndogo kuliko ya moto, mtindi wengine wanauweza, na hata ukikaa wiki nane bila tone, mtoto wakati huo hahitaji kalsiamu nyingi, deni kubwa lipo mwishoni.

Mtoto atakuwa mkubwa? Denmark walichapisha utafiti mwaka 2007 wenye wanawake zaidi ya 50,000, wakaona wanaokunywa maziwa walikuwa wanazaa watoto wenye uzito mkubwa kidogo. Tofauti yenyewe inahesabiwa kwa gramu, sio kwa kilo, na utafiti wa namna hiyo unafuatilia watu tu walivyojichagulia, anayekunywa maziwa kila siku huenda na vingine anakula vizuri. Kwa mama ambaye mtoto wake yuko hatarini kuzaliwa mdogo hiyo ni habari nzuri. Mtoto mkubwa wa kukwama huwa anatokana zaidi na kisukari cha mimba kisichodhibitiwa, uzito wa mama, kuzidi tarehe, na urithi. Rangi ya ngozi ya mtoto haina uhusiano kabisa na rangi ya kinywaji, ni jeni za wazazi na melanini, tungekuwa tunachagua rangi kwa glasi basi wanaopenda kahawa wangekuwa na kesi ya kujibu.

Kwenye kisukari cha mimba maziwa hayajakatazwa ila ni wanga, gramu 12 kwa glasi, zihesabu kama unavyohesabu mkate. Unachotakiwa kukikwepa ni maziwa yenye ladha ya chokoleti au stroberi, mtindi uliojaa sukari, na maziwa ya kopo mazito matamu ambayo karibu nusu yake ni sukari. Yale ya unga yaliyoandikwa ya wajawazito ni maziwa yaliyoongezewa vitamini na madini, na mengine sukari pia. Sio mabaya, ila kama unakunywa maziwa ya kawaida na vidonge vya kliniki, sioni unachokosa mpaka ulipie mara mbili. Picha ya mama mwenye tumbo kwenye kopo ni ya kuuzia.

Ya mimea ni mchanganyiko. Ya soya protini yake inakaribia ya ng'ombe, ya lozi na ya mchele protini ni kiduchu, ya shayiri ipo katikati. Kalsiamu kwenye hayo yote ni ya kuongezwa kiwandani, kwahiyo soma pakiti, na tikisa kabla ya kumimina kwa sababu kalsiamu inatulia chini, usipotikisa unakunywa maji ya juu na kuitupa yote na pakiti. Angalia pia kama wameongeza B12 na iodini. Tui la nazi limeitwa maziwa kwa rangi, kalsiamu hamna ya maana. Na asiyetumia maziwa ya aina yoyote sio mwisho wa dunia, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, maharage, brokoli na sukumawiki vina kalsiamu inayonyonyeka. Spinachi ina namba kubwa kwenye majedwali lakini ina oksaleti, kemikali ya asili ya majani, zinazoishika kalsiamu, inaingia kidogo mno.

Ya kuchemsha nimeiacha mwisho kwa sababu ndo yenye hatari ya kweli, na ndo inayobishiwa zaidi kwa hoja kwamba "wazee wetu walikunywa mabichi na tukazaliwa".

Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa magonjwa: brusela, salmonela, E. koli, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, na listeria. Ng'ombe au mbuzi anaweza kuonekana mzima, maziwa yakawa meupe yananukia vizuri, na wamo. Listeria ndo mbaya kwa mjamzito kuliko kwa mtu yeyote, yeye yuko kwenye hatari ya kuumwa kama mara 10 ya watu wengine, mama anapata kama mafua tu, homa, mwili kuuma, labda kuharisha, afu bakteria wanavuka kondo la nyuma na mimba inatoka, au mtoto anafia tumboni, au anazaliwa kabla ya wakati akiwa mgonjwa sana. Na friji haimzuii listeria, anaendelea kuzaana taratibu kwenye baridi ile ile unayotegemea ilinde chakula. Mwaka 1985 Los Angeles kulitokea mlipuko kutokana na jibini laini, lilihusishwa na maziwa ambayo hayakuwa yamechemshwa kiwandani ipasavyo, wagonjwa 142 walihesabiwa, na 93 kati yao walikuwa ni wajawazito na watoto wao.

Dawa yake ni joto tu. Viwandani wanapasha nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, na yale ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji yamepigwa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache. Nyumbani huna kipimajoto lakini una sufuria. Maziwa yakianza kupanda na povu kutaka kumwagika jikoni yameshavuka mbali hizo 72, ila koroga mpaka chini, yarudishe yapande tena, ndo utoe. Ile ngozi inayotanda juu ni protini na mafuta, ukiipenda kula. Kalsiamu haipungui kwa kuchemsha, protini inabaki, vitamini chache za B zinashuka kidogo, na huo ndo mwisho wa hoja kwamba kuchemsha kunaua faida.

Makosa yanatokea baada ya hapo. Maziwa yamechemka vizuri, yanarudishwa kwenye dumu lile lile yaliyokuja nayo mabichi, au mtu anachota na kikombe kilichokuwa kwenye mabichi, kazi yote imeenda bure. Osha chombo na maji ya moto na sabuni, funika, weka kwenye baridi. Na mtindi uliogandishwa kutoka maziwa mabichi bado ni mabichi, uchachu haumalizi listeria wala brusela, wanaweza kuishi humo siku kadhaa. Chemsha kwanza, poza, ndo ugandishe. Jibini laini ambalo kibandiko chake hakisemi limetoka kwenye maziwa yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa joto kiwandani, acha mpaka ujifungue.

Kama ushakunywa mabichi na leo ndo unasoma hii, usianze kulia, wengi wanaokunywa hawaumwi na hakuna dawa ya kumeza kwa tahadhari tu kama uko vizuri. Unachofanya ni kujiangalia, tena kwa muda mrefu, mana listeria inaweza kuchukua mpaka siku 70 ndo ijitokeze. Ukipata homa, baridi kali, misuli kuuma, au mtoto akapunguza kucheza, nenda hospitali usisubiri, na useme kwa mdomo wako kwamba ulikunywa maziwa mabichi na lini, mana homa ya mjamzito inaweza kutibiwa malaria au mafua wiki nzima bila mtu kuwaza maziwa. Damu inapimwa, antibiotiki zinazofaa mjamzito zipo, na zikianza mapema zinaweza kumwokoa mtoto.